Stima ya Sabato

Mara ya kwanza mama yangu kuisikia amplifaya ya kaka, alisimama mlangoni akiwa mweupe kwa unga, akasikiliza kidogo, akasema inalia kama mbuzi mwenye mafua. Kisha akakaza leso yake na kurudi kwenye mashine ya kusaga, ambako wateja walikuwa wamepanga foleni. Nilibaki sebuleni kwake Nyaramba na gitaa begani, nikitafuta kitu cha kumtupia. Sikuona chochote ambacho hakikuwa chake, kwa hiyo nikafunga vyombo vyangu na kurudi kwangu Kiogoro bila kuaga.

Kaka huyo alikuwa mwanawe wa kwanza, na mama alimfukuza nyumbani kwa sababu ya gitaa. Sisemi walikosana, kama wanavyosema shangazi zangu wakitaka mambo yapoe. Alimfukuza. Kaka alikuwa akipiga na bendi moja ya Ogembo, na bendi haichagui siku. Ikiitwa kwenye harusi ya Jumamosi, inakwenda Jumamosi. Mama naye ni Msabato wa kukata na shoka. Ijumaa jua likianza kuegemea vilima, chakula cha kesho kimeshapikwa, viatu vimeshapakwa rangi, na mashine imeshazimwa. Haiwashwi tena mpaka jua la Jumamosi lizame. Baba alipofariki, waombolezaji walijaa bomani siku ya Sabato na unga ukaisha. Mashine ilikuwa pale, mahindi yalikuwa pale. Mama alituma watu wakaombe unga kwa Wakatoliki wa ng'ambo ya mto.

Mtu wa aina hiyo ndiye aliyemkalisha kaka kitini, mzee wa kanisa akiwa ameketi pembeni akiitikia kwa kichwa, akamwambia achague kati ya Sabato na gitaa. Kama ni gitaa, asirudi. Nilikuwa jikoni nikisikia kila neno. Namwandika mama kwa Kiswahili, lakini nyumbani tunasema Ekegusii, na kwa Ekegusii yeye ni mkali zaidi.

Kaka alichagua. Alikwenda Nairobi, baadaye akaenda Amerika, na kweli hakurudi. Alifia huko na mkewe akamzika huko. Sisi Wakisii mtu wetu akifia popote tunahangaika mpaka mwili ufike nyumbani, uingie udongo wa kwao. Kwa kaka hatukuulizwa. Hakuna kaburi bomani, hakuna mgomba uliopandwa pembeni yake, hakuna mahali pa kusimama. Kilichofika ni amplifaya yake tu, ndani ya kontena la mizigo ya Wakisii wa huko, imeviringishwa kwenye blanketi, na juu ya boksi mkewe ameandika jina langu. Mimi ndiye niliyefundishwa gitaa na kaka, kwa siri, nyuma ya zizi.

Si amplifaya ya siku hizi. Ndani yake zimo taa za kioo, ndefu kidogo kuliko kidole gumba, zinazowaka rangi ya chungwa. Ukiiwasha lazima uingoje ipate moto kwanza. Ikishapata moto, sauti ya gitaa inatoka nene na yenye mikwaruzo kidogo mwishoni, kama ya mtu aliyeimba usiku kucha na bado hajachoka. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimsikia kaka akipiga hivyo kwenye simu, na nilidhani ni simu ndiyo mbaya.

Tatizo ni kwamba ilitengenezwa kwa stima ya Amerika, ambayo ni volti mia moja na ishirini, na yetu ni mia mbili na arobaini. Nilimpelekea fundi mmoja mjini Kisii, mtu mwenye hasira kuliko mimi, na nadhani ndiyo maana tunasikilizana.

"Ukichomeka hii kitu kwa ukuta hivi hivi," alisema bila hata kunikaribisha kiti, "utakuwa umenunua moshi."

Akanisukia transfoma ya kushusha stima, sanduku zito la chuma lenye waya za shaba, linalopokea ile yetu na kutoa nusu yake. Akaniambia jambo moja akalirudia kama anayemwambia mtoto: pima kwanza. Kila mahali unapokwenda, kabla hujachomeka kitu, toa mita upime, kwa sababu hizi taa zikipewa kidogo zinalegea na zikipewa nyingi zinakufa, na za kununua hapa hakuna. Nikaenda nyumbani, nikapima, nikachomeka, nikangoja, nikapiga mwendo aliopenda kaka, ule ambao kidole gumba kinatembea chini na vingine vinacheza juu. Nililia. Sikulia kwa upole. Nililia kwa hasira, nikiwa nimeuma meno, na jirani akagonga ukuta.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba mama lazima aisikie. Sitaki kudanganya kwamba nilitaka kumfariji. Nilitaka asikie kitu alichokifukuza, na akisikia, kimuume. Nilifikiri atakaa pale kwenye kochi lake lenye vitambaa, asikie, na kwa mara ya kwanza ajue amefanya nini.

Badala yake nikapata mbuzi mwenye mafua. Na kibaya zaidi, alikuwa amesema kweli. Siku ile amplifaya ililegea kabisa, sauti ikawa nyembamba na ya kukaba. Nilikuwa nimepima, mita ikaniambia mia moja na tisini, nikaipuuza kwa haraka ya kumwonyesha mama. Mashine yake ya kusaga ndiyo iliyokuwa ikiila stima. Nyumba yetu iko mwisho wa waya, na mota ile ikianza kusaga, balbu zote za boma zinakuwa za njano. Enzi za utoto wangu mashine ilikuwa ya dizeli; hii ya stima ililetwa nikiwa nimeshaondoka, kwa hiyo sikuwa nimeizoea. Kumwomba aizime nilijua ni kazi bure. Ana wateja tangu alfajiri, na siku za kazi haizimi kwa ajili ya mtu.

Nikarudi kwa fundi. Nikamwambia nataka transfoma nyingine, ya Nyaramba, inayopokea mia moja na tisini na kutoa mia moja na ishirini.

"Una uhakika na hiyo hesabu ya kwenu?" akaniuliza.

Nikamwambia nina uhakika. Ili nisiaibike nilikwenda tena mara mbili, mara moja asubuhi na mara nyingine alasiri, nikachomeka mita sebuleni bila kumwambia mama ninachofanya, nikaondoka. Ilikuwa vilevile, mia moja na tisini, ikipanda au kushuka kidogo. Fundi akaisuka. Nikampigia mama simu, nikamwambia ile kitu imepona mafua.

 Nilisikia mashine ikinguruma nyuma yake.

"Basi njoo Sabato," akasema, "mashine ikiwa imezimwa, nisikie vizuri. Masikio yangu si kama zamani. Na upige kitu cha heshima."

Nilikubali. Mimi, niliyezaliwa katika nyumba ile, niliyekuzwa kwa zile Ijumaa za viatu na chakula cha kesho, nilikubali na kukata simu nikiwa nimefurahi, wala akili haikunipeleka popote.

Nilikodi gari, dereva akanishusha na vyombo vyangu mchana, watu wakiwa wametoka kanisani kwa ibada ya asubuhi. Yeye akaenda kuwaona wakwe zake na tukakubaliana arudi alasiri hiyohiyo. Kulala sikuwa na mpango. Jumapili ninapiga gitaa kwenye hoteli moja mjini, na hata kama nisingekuwa na kazi, katika nyumba ile sijalala tangu kaka aondoke.

"Sabato njema," mama akanisalimu.

"Njema," nikajibu.

Tukala obokima, ugali wa kwetu, uliokuwa umepoa na mboga za jana. Aliniuliza habari za kazi nikasema nzuri. Aliniuliza kama ninasali nikasema mara nyingine.  Kisha akahamia kwenye kochi, akavua kitambaa cha kichwa ili masikio yawe wazi, akaweka mikono magotini. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Kitendo kile cha kuvua kitambaa kilinichoma kidogo, na nikakasirika kwamba kimenichoma.

Nikatoa mita, nikaichomeka kwenye soketi.

Mia mbili na hamsini na mbili.

Nikaitoa, nikairudisha. Mia mbili na hamsini na mbili. Nikatazama balbu iliyokuwa ikiwaka bure mchana na nikaona ni nyeupe kama ya hospitali. Hapo ndipo nilipoelewa. Siku zote nilizopima zilikuwa siku za kusaga. Leo ni Sabato. Mashine imelala, na kijiji kizima kimelala, hakuna anayechomelea vyuma, hakuna anayepiga pasi, hakuna anayenyoa watu. Stima yote imekuja kukaa sebuleni kwa mama kama mgeni asiyealikwa. Transfoma ya Nyaramba ikipewa kiasi kile ingezipiga zile taa za kaka na kuziua mara moja. Na ile ya kwanza, ya mjini, ambayo siku hiyo ndiyo ingefaa kabisa, ilikuwa Kiogoro chini ya kitanda changu.

"Nini?" mama akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyebuni stima. Nikamwambia kifaa cha leo nimekiacha nyumbani, na hiki nilichokuja nacho ni cha siku za kusaga.

"Kwa hiyo leo haiwezi?"

"Haiwezi."

"Siku nyingine, basi."

Nikaokota waya wa gitaa.

"Utakuja siku nyingine?" akauliza.

Nikaanza kuuzungusha mkononi. Angeuliza mtu mwingine yeyote ningedanganya kwa adabu, ningesema Mungu akipenda. Yeye nilimwacha angoje jibu, na akaelewa kwamba hilo ndilo jibu.

Hapo nikaongeza neno, na nililisema ili limkate. "Kama mashine yako ingekuwa inasaga sasa hivi, ningepiga."

Nilijua nimegusa wapi. Ilikuwa sawa na kumwambia kwamba mambo yatakuwa sawa siku mto utakapopanda kilima. Nilitaka tu asikie, kwa maneno ya wazi, kwamba Sabato yake imemzuia mwanawe kuingia ndani kwa mara ya pili. Nikainama kuifunga amplifaya kwenye blanketi lake.

Niliposikia funguo, sikuinua kichwa. Funguo za chumba cha mashine hukaa kwenye msumari karibu na kalenda ya kanisa, na Ijumaa jioni mama huzifunika kwa kitambaa ili asizione. Nilipotazama, kitambaa kilikuwa sakafuni na mama alikuwa ameshatoka. Alikuwa amejifunga leso ya kazi juu ya nguo ya kanisani.

Mashine ikanguruma. Nitasema kwa uaminifu kwamba niliogopa. Kuku walikimbia, na mimi mwenyewe nilitazama nje kama mwizi. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuusikia mlio ule siku ya Sabato.

Mita ikashuka mpaka mia mbili na ishirini ikakwama hapo. Mota ilikuwa ikizunguka bure, haina kitu cha kusaga, kwa hiyo haikuwa ikila vya kutosha. Nilikaa nikiitazama ile namba. Ningeweza kunyamaza na kumwambia tu kwamba imeshindikana. Nikaenda mpaka mlango wa chumba cha mashine, nikapiga kelele kwa sababu mle ndani hata ukizungumza sikioni mwa mtu hasikii.

"Haitoshi! Lazima isage!"

Alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Kama aliona huruma, aliiona yeye, mimi sikuiweka. Akageuka, akafungua gunia la mahindi yake mwenyewe, si ya wateja, akachota kwa debe na kumimina. Mlio ukabadilika, ukawa mzito, vumbi likaanza kupanda. Mfanyakazi wake hakuwepo, na hata angekuwepo, mama asingemtuma mtu mwingine avunje Sabato kwa niaba yake. Alisimama pale mwenyewe, debe mkononi, akimimina.

Nilirudi sebuleni nikikimbia. Mia moja na tisini na mbili. Nikachomeka transfoma, nikawasha, nikangoja taa zipate moto, na zikawaka vizuri, rangi yake ileile. Kochi lilikuwa tupu. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimebaki juu yake.

Ndipo nilipoliona jambo lenyewe lilivyo. Ili amplifaya ipige, mama lazima awe kwenye mashine akimimina mahindi. Na akiwa kwenye mashine, hasikii kitu. Yeye alilijua hilo kabla yangu. Amekaa na mlio ule miaka yote. Alilijua alipokuwa akichukua funguo.

Nilipiga. Nilipiga ule mwendo wa kaka, na sikuchagua cha heshima. Nilifungua sauti mpaka madirisha yakatetemeka, nikageuza amplifaya ielekee mlangoni, nikapiga kwa nguvu zote kuelekea kile chumba kana kwamba ningeweza kuutoboa ukuta. Sijawahi kupiga vizuri vile, na sijapiga vile tena. Vidole viliuma nikaendelea. Nilikuwa nikimtukana kaka kwa kufa, na mkewe kwa kumzika mbali, na mama kwa kila kitu. Sauti ilitoka kamili, nene, yenye ile mikwaruzo ya mwisho. Ilikuwa ni kaka mzima mzima, anapiga Nyaramba, sebuleni kwao, siku ya Sabato, na aliyekuwa akimsikia ni mimi na kuku.

Kisha balbu ikaanza kung'aa. Mahindi yalikuwa yamekwisha. Nilizima haraka kabla taa hazijadhurika, na kimya kilichofuata kilikuwa cha mashine pia, maana mama naye alikuwa amezima.

Nilipotoka nje, barabarani watu walikuwa wamesimama na Biblia zao mikononi, wanarudi kanisani kwa kipindi cha alasiri. Mzee wa kanisa, yuleyule aliyekuwa akiitikia kwa kichwa miaka ile, sasa mwenye fimbo, alikuwa ameshaingia bomani na kusimama mbele ya chumba cha mashine.

"Mong'ina," alimwambia mama, akimwita kwa jina la heshima la wanawake wazee, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, "leo ni siku gani?"

"Ni Sabato."

"Na unasaga?"

"Namsagia mwanangu."

"Mwana yupi?"

"Yule uliyenisaidia kumfukuza," mama akasema.

 Mzee akatutazama wote wawili, akageuka na fimbo yake akawafuata wenzake. Jumatatu walikuja watu wa kanisa kumketisha kitini, hilo nililisikia kwa shangazi, lakini wakati ule mama hakumwangalia mzee hata alipokuwa akiondoka. Alikuwa akifunga mdomo wa mfuko wa unga. Nguo ya kanisani ilikuwa imeharibika, na nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Ilipiga vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri."

"Mimi sikusikia kitu."

"Najua."

Akanisukumia mfuko. "Chukua uende nao. Mimi siwezi kuula, wala siwezi kumuuzia mtu."

Labda mtu mwingine angemkumbatia. Mimi nilisimama pale, na niliyemchukia wakati ule hakuwa yule mama mgumu niliyekuwa nikimchukia tangu utotoni. Yule nilishamzoea. Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba hakuweza kufanya vinginevyo, kwamba aliumbwa hivyo, kwamba ni sawa na kulaumu jiwe. Sasa nilikuwa nimemwona akiinua debe.

"Mama," nikasema, "kumbe ulikuwa unaweza."

Alijipangusa uso kwa ncha ya leso. Nilidhani atanikemea, au atalia, na nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Nilikuwa naweza," akasema. "Na yeye alijua naweza. Ndiyo maana hakurudi."

Dereva alikuwa amefika akipiga honi getini. Nikabeba amplifaya kwanza, halafu transfoma, halafu nikarudia unga.